Ramani Mbichi Iliyofika Tabora

Mwaka 1855, katika gazeti dogo la wamisionari lililochapwa Calw, kusini mwa Ujerumani, ilitokea ramani ya Afrika Mashariki iliyozusha mabishano Ulaya nzima. Mahali ambapo ramani za wakati ule ziliacha weupe mtupu, hii ilikuwa na ziwa moja kubwa mno, refu, lililojinyoosha mfano wa koa, kutoka karibu na ikweta hadi kusini ya nyuzi 13. Mchoraji wake, Jakob Erhardt, alikuwa mmisionari wa Church Missionary Society, mwenzao Johannes Rebmann na Ludwig Krapf wa Rabai, nyuma ya Mombasa. Ziwa lenyewe hakuwa amelitia machoni. Alikuwa amekaa Tanga kwa miezi kadhaa mwaka 1854, akawauliza wafanyabiashara na wapagazi waliotoka bara, akayaunga pamoja waliyomsimulia, akachora.

Ziwa hilo halipo. Kulikuwa na maziwa matatu, nayo yangali pale: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Lakini ramani hii yenye kosa kubwa kiasi hicho ndiyo iliyosaidia kufungua njia ya kujulikana kwa maziwa hayo huko ng'ambo, na mahali iliposahihishwa ni Tabora.

Nimeifuata ramani hiyo kwa sababu ya swali linalowasumbua wanaoandika programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Swali lenyewe ni hili: toleo la alfa, yaani programu iliyoanza kusimama tu, yenye kasoro anazozijua mwandishi wake na nyingine nyingi asizozijua, litolewe lini? Nimewasikia vijana wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wakilijadili hili kwa uchungu. Wapo wanaoficha kazi yao miaka miwili wakingoja iwe safi, hadi hamu yao ikazimika kabla mtu wa pili hajaigusa. Wapo pia wanaomwaga hadharani kitu ambacho hata hakiwaki, watu wakakijaribu mara moja wakaenda zao moja kwa moja. Wote wawili hupoteza, na hasara inaniuma kwa sababu kazi nyingi nzuri za watu wetu zimezikwa hivyo.

Njia ya kale ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda Usagara kupitia Mamboya na Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikapita Kilimatinde, ikaingia Unyamwezi, ikafika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, ndipo ikateremka hadi Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha UNESCO katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe kuwa urithi wa dunia, kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ni jina la haki. Hakuna anayeweza kuandika juu ya njia hii akasahau minyororo. Siku hizi anayeifuata hupanda basi au treni ya Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ya safari reli na njia ile ya kale havipishani mbali.

Sitakaa sana Usagara wala Ugogo. Ila kuna kipande kimoja kabla ya kufika Unyamwezi ambacho lazima nikitaje: Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na nchi ya Wanyamwezi. Hapo misafara ililazimika kwenda terekeza. Watu walikula, wakanywa, wakaondoka alasiri wakiwa wamebeba maji, wakalala porini pasipo kisima, wakadamka alfajiri ili wafikie maji kabla jua halijapanda. Msafara uliobeba merikani, shanga na nyaya za shaba, wenye mamia ya watu, ulitegemea neno moja tu la mtu anayejua maji yako wapi msimu ule. Akikosea, watu walikufa.

Basi katika pori hilo hapakuwa na nafasi ya habari mbichi. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele na bendera, alikuwa mtu aliyekwisha kupita. Na palipokuwa na njia panda, waliotangulia waliweka matawi au walichora mstari kuikinga njia isiyo yao, ili waliochelewa nyuma wasipotee. Nalitaja hili mapema kwa sababu watetezi wa kutoa programu mapema husema kana kwamba kila kazi ni sawa. Si sawa. Programu ya kugawa dawa, ya kuhesabu kura au ya kutuma fedha iko Mgunda Mkali. Anayeitumia hana maji ya akiba.

Turudi kwa Erhardt na jinsi kosa lake lilivyotokea, maana kosa lenyewe lina mantiki. Wasafiri walioanzia Tanga na Pangani walimwambia kuwa mwisho wa safari yao ni maji makubwa. Walioanzia pwani ya Bagamoyo walimwambia vivyo hivyo. Wa Kilwa nao vivyo hivyo. Hakuna kati yao aliyeweza kumwambia maji yale yanaishia wapi upande wa kaskazini au kusini, kwa kuwa kazi yao ilikuwa pembe, siyo kuzunguka ufuko. Erhardt na Rebmann wakakata shauri: kama njia tatu zilizoachana mbali hivyo zote huishia majini, basi maji ni yale yale. Kila shahidi alisema kweli. Kilichokosewa ni namna ya kuwaunganisha, na ushahidi wa kukanusha muungano huo haukuwepo pwani. Erhardt angeweza kukaa Tanga miaka kumi mingine akawahoji wapagazi elfu, asiupate.

Hapo ndipo naona kipimo cha kwanza cha wakati wa kutoa kazi ambayo haijaiva. Kama unachokikosa unaweza kukipata wewe mwenyewe kwa kukaa na kazi yako juma moja zaidi, kaa. Kama unachokikosa kiko kwa watu usiowajua, mahali usikoweza kufika, kila siku unayoongeza chumbani mwako ni bure. Erhardt alikuwa mgonjwa, alirudi Ulaya mwaka huo wa 1855. Asingetembea hadi Unyamwezi kamwe. Alichokuwa nacho ni mchoro na habari za safari, akautoa huku akieleza wazi kuwa umetokana na masimulizi ya wasafiri, wala haukutokana na vipimo vyake.

Mchoro huo ulimletea kejeli. Rebmann alikuwa amekwisha kuonja kejeli hizo, maana mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro na wasomi wa London wakamkatalia wakiwa vitini kwao. Safari hii mabishano yalikuwa makali zaidi, lakini yalizaa kitu. Royal Geographical Society, ikisaidiwa na paundi 1,000 za serikali ya Uingereza, ikawatuma Richard Burton na John Hanning Speke wakaone. Walivuka kutoka Unguja mwezi Juni 1857. Pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni, akaishi India, akarudi, na ambaye Kihindustani chake ndicho kilichomwezesha Speke kuongea na watu wa njiani. Katika mizigo yao walikuwa na ramani ya Erhardt.

Walifika Kazeh, mtaa wa Waarabu wa Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani.

Ukifika Tabora leo, simama kidogo stesheni uangalie reli zinavyoachana. Moja yaendelea magharibi hadi Kigoma, kwenye Tanganyika. Nyingine yapinda kaskazini hadi Mwanza, kwenye Viktoria. Hiyo ilikamilika mwaka 1928. Wahandisi wa reli walifuata alama za nyayo za wapagazi, na nyayo hizo zilikutana hapa kwa sababu Unyanyembe ilikuwa soko, kituo cha mapumziko, mahali pa kubadilisha wapagazi, na mahali pa habari. Mtu wa Karagwe, mtu wa Ujiji na mtu aliyefika kusini hadi Ufipa waliweza kukaa baraza moja. Kitu ambacho Erhardt hakukipata Tanga, hapa kilikuwa maongezi ya jioni.

Mwenyeji wa Burton na Speke alikuwa Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiharithi kutoka Oman, mtu aliyesoma, aliyejua lugha za njia nzima. Speke ameeleza kuwa alimfungulia ramani ya wamisionari na kumwuliza ziwa hilo liko wapi. Snay akamweleza kuwa hayo ni maziwa matatu: Nyasa liko kusini, la Ujiji liko magharibi, na la Ukerewe liko kaskazini, nalo hilo la kaskazini ndilo kubwa. Kikao kimoja kilitosha. Ziwa lililosumbua Ulaya miaka miwili likagawanyika mara tatu mezani pa mtu wa Tabora.

Nimejiuliza kwa nini ilikuwa rahisi hivyo, na jibu langu ni kwamba ramani ile ilikuwa mbaya kwa namna nzuri. Ilithubutu. Ilisema: ziwa liko hapa, lina umbo hili, linaanzia hapa na kuishia pale. Laiti Erhardt angeogopa akachora mawingu na maneno ya tahadhari, Snay asingekuwa na cha kukanusha. Mtu hawezi kusahihisha ukungu. Wakati huohuo ramani haikuwa takataka: pwani iko mahali pake, njia zina vituo vyenye majina ya kweli, na aliyeishika aliweza kutembea nayo hadi penye kosa. Eric Raymond, aliyeandika mwaka 1997 insha mashuhuri juu ya utengenezaji wa programu huria, alisisitiza jambo la namna hiyo: toleo la kwanza laweza kuwa la kukwaruza na lenye upungufu, lakini sharti liwake, na sharti liwashawishi watu kwamba laweza kukua likawa kitu kizuri.

Mfano wake ni Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki alipotangaza, Agosti 1991, kuwa anaandika mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kama burudani yake. Toleo la 0.01 alilolitoa mwezi uliofuata lilikuwa na mistari ya msimbo kama 10,000 na lilihitaji mfumo mwingine, Minix, ili hata liweze kuandaliwa. Mtu wa kawaida hakuweza kulitumia kwa lolote. Lakini waliokuwa na Minix mezani waliweza kuliwasha, likavunjika mbele ya macho yao, wakajua limevunjika wapi. Toleo la 1.0 lilitoka Machi 1994, likiwa na mistari zaidi ya 170,000. Ndani ya miaka hiyo mitatu walioandika walikuwa wamekuwa umati. Torvalds hakuwatangazia wenye mabenki. Aliwatangazia watu wa njia ileile aliyokuwa akiipita, wenye mashine za aina yake na shida za aina yake. Nao walijibu kwa sababu aliyasoma waliyomwandikia na kuyaingiza katika toleo lililofuata.

Hiki cha mwisho wengi hukisahau. Kutoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na njia ya kurudishia. Ramani ya Erhardt ilipelekwa bara na watu waliotarajiwa kurudi na kutoa taarifa mbele ya chama kilichongoja taarifa hiyo. Ukitoa programu yako ya alfa na hujui nani atakujibu, atakujibu kupitia wapi, na nani miongoni mwenu ataketi kuyapokea majibu, bado hujafika wakati wa kutoa, hata kama msimbo wako ni mzuri.

Haya yaliyofuata Kazeh ni ya kusikitisha, nami nayaona kuwa somo gumu kuliko yote.

Burton na Speke walikwenda Ujiji, wakaliona Tanganyika Februari 1858, wakarudi Kazeh mwezi Juni. Burton alibaki akiandika na kupumzika. Speke, akishika habari za Snay kuhusu ziwa la kaskazini, aliondoka Julai, na tarehe 3 Agosti 1858 akasimama karibu na Mwanza akayaona maji yasiyo na mwisho. Alikaa siku chache tu. Aliona ncha ya kusini peke yake. Akaamua pale pale kuwa hicho ndicho chanzo cha Nile, akalipa ziwa jina la malkia wake, akarudi Kazeh tarehe 25 Agosti na kumweleza mwenzake. Burton akamwuliza ushahidi uko wapi. Urafiki wao uliharibika hapo hapo, na sehemu iliyobaki ya safari waliepuka kulizungumza. Speke alifika Uingereza siku kama kumi na mbili kabla ya Burton, akaenda kwa wakuu wa chama, akatangaza.

Speke alikuwa sahihi. Nasema hata hivyo kuwa alitoa vibaya. Erhardt alikosea lakini alisema nimesikia kwa wasafiri; Speke alipatia lakini alisema nimemaliza. Aliporudi safari ya pili na James Grant, akapita tena Kazeh mwaka 1861, akafika maporomoko aliyoyaita Ripon tarehe 28 Julai 1862, bado hakulizunguka ziwa wala hakuufuata mto mfululizo. Mapengo aliyajaza kwa uhakika wa moyo wake. Mtu akitoa kazi changa akaivika joho la kazi iliyokamilika, kila anayeona tundu huliona kuwa uongo, na kila anayeulizwa huona ametukanwa.  Tarehe 16 Septemba 1864 yeye na Burton walitakiwa wajadiliane hadharani mjini Bath. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake akiwa mawindoni. Baadaye mwaka huo Burton alichapisha ramani iliyolivunja ziwa la Speke vipande vipande. Ilibidi kungoja hadi 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua na kuona kuwa ni moja, ndipo ubishi ukaisha. Miaka 17 ilipita tangu Speke asimame Mwanza. Jibu lilikuwapo muda wote huo, ila lilitolewa kwa namna isiyokaribisha mtu kulipima.

Na Snay? Yeye ndiye aliyelitaja ziwa hilo, upande liliko na ukubwa wake, kabla Mzungu yeyote hajalifikia. Baadaye aliuawa vitani, katika ugomvi wa Waarabu wa Unyanyembe na mtemi Manwa Sera. Hakuna ziwa, mlima wala kituo cha reli chenye jina lake. Sisemi haya kumtakasa mtu aliyeishi kwa biashara ya njia ile. Nasema kwamba mchango wake ulikuwa sahihisho kubwa kuliko yote katika jiografia ya eneo hili kwa karne ile, na ukamezwa na jina la mwingine. Katika miradi bora ya programu huria kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelileta, hata kama ni herufi moja. Ni desturi ninayoiheshimu sana. Anayetoa toleo la alfa anaomba watu wampe akili zao bure. Kama hajaandaa mahali pa kuwaandika majina, asitoe kwanza.

Kutoka mjini Tabora hadi Kwihara ni mwendo mfupi kuelekea kusini magharibi, kwenye vumbi na miembe. Tembe aliyokaa David Livingstone imejengwa upya na sasa ni makumbusho. Alikuja hapa na Stanley Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi akiwa na barua zake na shajara. Livingstone alibaki akingoja wapagazi watakaotumwa kutoka pwani, na alingoja hadi tarehe 25 Agosti.

Barua zilizokwenda na Stanley zilimweleza msomaji wa Ulaya kuwa mto Lualaba, alioufikia Nyangwe katika Manyema, ni sehemu ya Nile. Lakini katika miezi ile ya kungoja, Mei na Juni, Livingstone aliandika katika daftari lake humu Kwihara kwamba ameelemewa na hofu: huenda muda wote huo amekuwa akifuata mto Kongo. Alikiri kuwa anajua mambo mengi mno kiasi cha kutoweza kuwa na uhakika. Ni maneno ya mtu mwaminifu na mwenye akili. Yalichapishwa mwaka 1874, baada ya yeye kufa kwenye kijiji cha Chitambo tarehe 1 Mei 1873, akiwa bado anazitafuta chemchemi za Nile kusini kabisa mahali zisipo.

Nilikaa muda mrefu kwenye baraza ya tembe ile nikiliwaza hilo. Uhakika ulipelekwa pwani, shaka ikabaki daftarini. Laiti ingekuwa kinyume chake. Mwenye kutoa kazi changa akitoa sehemu anazoziamini na kuficha anazozitilia shaka, amewanyima wenzake kitu pekee ambacho wangeweza kumsaidia nacho. Toleo la alfa linapaswa kutoka siku mwandishi wake anapoweza kuandika ukurasa mmoja wa wazi: hapa panafanya kazi, hapa sijui, hapa nahofia nimekosea kuanzia msingi. Kama hawezi kuuandika ukurasa huo, hajaifahamu kazi yake vya kutosha. Na kama anaweza, sioni anachongojea. Vijijini kando ya njia hii, ukimwuliza mtu njia atakueleza hadi mwisho wa anapopajua, kisha atakuelekeza umwulize nani huko mbele. Haoni haya, na msafiri hapotei.

Hapa Kwihara kuna jambo jingine. Stanley alipofika mara ya kwanza, katikati ya 1871, alikuta njia ya Ujiji aliyoisikia pwani haipitiki tena. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameifunga kwa sababu ya ugomvi wake na Waarabu juu ya ushuru na utawala wa biashara. Stanley aliungana na Waarabu kumshambulia Agosti ile. Walishindwa vibaya, na Mirambo akaja akaichoma Tabora. Mwezi Septemba Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo. Ramani yoyote ya mwaka 1870, hata iwe sahihi hadi kwenye kijito, ingempeleka mikononi mwa vita. Aliyekaa ndani akisubiri kazi yake ikamilike husahau kuwa nje mambo hayamsubiri. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu miaka mitatu hutoka ikikuta simu zimebadilika, sheria imebadilika, na watu waliokuwa na shida ile wamekwisha kutafuta namna nyingine. Toleo changa lenye tarehe, linalofuatwa na jingine lenye tarehe, hushinda toleo kamili la njia iliyofungwa.

Nchini Kenya, uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipozaa mauaji, Ory Okolloh aliuliza mapema Januari kama kuna mafundi wa kumsaidia kuonyesha kwenye ramani mahali vurugu zinapotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine waliitikia, na ndani ya siku chache tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani ikipokea habari za wananchi kwa simu na kwa mtandao. Ilikuwa kazi ya kuunga-unga. Ingengojwa hadi Machi, wale walioona nyumba zikiungua Eldoret na Kisumu wangekuwa wametawanyika na kumbukumbu zimefifia. Baadaye programu iliandikwa upya, msimbo ukawekwa wazi, na mwishoni mwa 2008, ikiwa bado changa, ikatumika kukusanya taarifa za vita vya Kivu, mashariki ya Kongo, nchi ambazo misafara ya Ujiji ilizifikia kwa kuvuka ziwa. Toleo changa katika nchi ya vita ni jambo zito. Ramani inayoonyesha aliyetoa habari yuko wapi yaweza kumwua. Naamini waliotoa walitoa kwa wakati, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa na vifo vyake pia, lakini katika hali kama hiyo lazima jina la mtoa habari liwe limekingwa kabla ya kitu kingine chochote kuguswa.

Eldoret hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kubuniwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, baada ya kuona mzigo wa kliniki za UKIMWI za mpango wa AMPATH. Iliwekwa kazini Eldoret Februari 2006, na Agosti mwaka huo ikafika Rwinkwavu, Rwanda. Ilianza palipokuwa na mtangulizi wake, mfumo wa kituo cha afya cha Mosoriot, na palipokuwa na madaktari na makarani wanaofanya kazi bega kwa bega na mafundi. Hiyo ndiyo hali ya Mgunda Mkali: kazi changa ilipita porini, lakini ilipita na kirangozi.

Njia ya misafara inaishia Ujiji, na mjini humo hadithi ya ramani haikuisha. Baada ya yote yale lilibaki swali kama Tanganyika lina mahali pa kutokea maji. Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi kaskazini mwezi Novemba 1871 wakakuta mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Verney Lovett Cameron, aliyekuwa Kwihara mwaka 1873 watu wa Livingstone walipofika na maiti yake, aliizunguka nusu ya kusini ya ziwa, na Mei 1874 akaripoti kuwa maji hutokea magharibi, kupitia Lukuga, ingawa mlango umezibwa na majani. Stanley akaenda mwaka 1876, akautazama mlango uleule, akaona maji yametulia kwenye matete, akasema Cameron amekosea: ziwa halijaanza kutoka hapo, litatoka likijaa zaidi. Mwaka 1879 Edward Hore, wa misheni ya London iliyokuwa Ujiji, alifika Lukuga akakuta kizuizi kimekwisha kupasuka na mto wenye nguvu unakimbilia Kongo. Kila mmoja alikuwa ameripoti alichokiona, akaweka tarehe.